Jina la Baba Katika Wimbo Wangu

Ngozi ya ngoma ikipashwa moto hunuka kama nywele zilizoungua, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Desemba. Kule Nyangamara, mwezi huo mabibo ya mwisho yalikuwa yameshaanguka na kuchacha chini ya mikorosho, ardhi inanata miguuni, nzi wamelewa hata kuruka hawawezi. Korosho zilikuwa zimeshakwenda sokoni na watu wana nafasi ya kufanya shughuli. Wavulana walitoka jandoni, wasichana tulitolewa nje, harusi zilizokuwa zinangoja zilifungwa. Kila upande ulikuwa na ngoma yake, na mimi nikisimama nyuma ya nyumba asubuhi niliweza kujua kwa sauti tu ni kwa nani kumechinjwa. Katika makelele yote hayo kulikuwa na kikundi kimoja ambacho ilibidi ukisogelee ndipo ukisikie. Watu walikiita Polepole, na hawakukiita hivyo kwa kukisifu.

Polepole walikuwa watu watatu tu. Mwimbaji alikuwa Bi Somoe, mama mtu mzima aliyelima mihogo na ufuta kama wenzake wote, mwenye sauti nzito ya chini. Hakupaza sauti hata siku moja. Aliimba kana kwamba anaongea na mtu aliyekaa naye mkeka mmoja. Wa pili alikuwa Mzee Chilumba, fundi baiskeli, na gita lake alilitengeneza mwenyewe kwa debe la mafuta ya kula na nyaya za breki. Wacha weee, lile debe! Likishikwa na mtu mwingine lilikwaruza masikio, likishikwa na yeye ungeapa kuwa manyunyu yanaanza juu ya bati. Wa tatu alikuwa baba yangu mzazi, Ahmadi Mchopa, mpiga ngoma. Hakutumia fimbo, alipiga kwa viganja, na ngoma yake ilikuwa na tabia ya kuitikia: Bi Somoe akisema neno, ngoma inamjibu, kisha inanyamaza kumpisha. Vijana wa Mingoyo waliokuja kucheza ngoma za kukata viuno waliwacheka, ati huo ni muziki wa kubembelezea wagonjwa. Na kweli, mgonjwa angepona. Nimeshasikia bendi nyingi mjini, zenye magita ya umeme na wapiga tarumbeta waliovaa sare, na bado nasema kwa kinywa kipana kwamba sijakutana tena na watu watatu wanaosikilizana namna ile.

Kwa nini basi hawakujulikana hata Lindi mjini? Kwa sababu ya desturi yao. Polepole hawakuwa na nyimbo za kubeba kutoka shughuli hii kwenda ile. Kila nyumba ilitungiwa wimbo wake. Siku moja kabla, alasiri, Bi Somoe alikuja kwenu, akakaribishwa maji, akaketi na kuomba majina: mtoto anaitwa nani, mama yake nani, bibi zake, babu zake, baba, wajomba, hata waliokwisha kufa. Kesho yake wimbo ulipita jina kwa jina, kila jina likiitikiwa na ngoma, na wenye jina wakipiga vigelegele au wakifuta machozi. Ukiisha, umeisha. Hawakuurudia kwa jirani, hawakuuimba shambani, na ukiwaomba walikwambia ukawaombe wenye wimbo. Na jina ambalo nyumba haikulitoa, Bi Somoe hakulitia, hata kama mwenye jina hilo amesimama mbele yake. Watu wa kwetu waliona ni sawa kabisa, kwa maana majina ya nyumba ni ya nyumba.

Kuna mwaka alikuja bwana mmoja kutoka mjini na mashine ya kurekodi, amevaa miwani, anataka muziki wa asili akaupeleke redioni. Tulijaa pale uwanjani mdomo wazi. Akawaambia Polepole, "Haya, niimbieni wimbo wenu mzuri kuliko yote." Bi Somoe akamuuliza, "Wimbo wa nani?" Yule bwana akasema wa yeyote tu. Bi Somoe akatazamana na Mzee Chilumba, wakawa kama watu walioulizwa bei ya kitu kisichouzwa. Akamwambia hakuna wimbo wa yeyote. Basi imbeni ule wa harusi ya juzi, akasema bwana. "Ule tumeshawapa wenyewe, mwanangu." Mwishowe Mzee Chilumba, kwa kumwonea haya mgeni, akajitolea kumtungia wake mwenyewe pale pale, mradi amtajie mama yake na bibi zake. Bwana akacheka, akafunga mashine yake, akapanda gari. Loo! Mpaka leo nikimkumbuka natamani kumvuta masikio. Angetaja tu jina la mama yake, angeondoka na kitu ambacho redio nzima haikuwa nacho, na leo hii mngekuwa mnawajua Polepole bila mimi kuhangaika kuwasimulia.

Sasa nije kwenye Desemba yangu, ile niliyokuwa ndani, unyagoni, mimi mwenyewe. Ya ndani siyasemi, msinitegee. Waliopita huko wanayajua na wasiopita watanisamehe. Nitakachosema ni kwamba mwali ana muda mwingi wa kufikiri, na mimi nilikuwa na jambo moja tu la kufikiria. Baba na mama walikuwa wameachana. Baba alikuwa amekwenda Rondo kulima, akakaa, akakaa zaidi, kumbe kaoa mke mwingine huko wala hakusema. Mama alizisikia habari sokoni Mingoyo kwa mwanamke aliyekuwa anauza dagaa, mbele za watu. Hakugombana. Alirudi nyumbani, akafunga vitu vyake kwenye kanga, akanishika mkono, tukaenda kwa kaka yake, Mjomba Mfaume. Baba aliporudi kutoka Rondo na kuanza kupiga na Polepole, Mjomba alikula yamini kwamba Ahmadi hatakanyaga kizingiti chake wala jina lake halitatajwa humo. Na mama, tangu siku ile ya dagaa, hakuwa amelitamka jina la baba hata kwa bahati mbaya. Akilazimika alisema "yule mtu".

Mimi nilimpenda baba. Niseme ukweli, nilimpenda vibaya sana, makosa yake na yote. Akipita njiani na ngoma mgongoni nilikuwa natoka mbio kumwamkia, naye akiniitikia marahaba ananigonga kichwani kidogo kwa vidole, mdundo ule ule wa ngoma yake. Nilipoingia ndani nikajua kwamba wimbo wangu utapigwa na Polepole, kwa sababu mama alikuwa amekataa kikundi kingine chochote, nikaanza kuhesabu majina yangu gizani na kila nikifika kwa baba roho inadunda. Wimbo wa mtu ulikuwa mmoja. Kama baba asingetajwa siku ile, asingetajwa tena katika maisha yangu yote, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa anaipiga ngoma ya wimbo usiomjua. Wenzangu walinong'ona juu ya kanga mpya watakazopewa. Mimi sikuwa na habari na kanga.

Alasiri ya kuamkia kutoka, Bi Somoe alikuja kuomba majina. Nilimsikia kupitia ukuta wa udongo, nimebandika sikio mpaka shavu likaingia vumbi. Mjomba Mfaume alimtajia kwa sauti kubwa: Mwanahawa, ndiye mimi; Hadija, ndiye mama; bibi Fatu, bibi wa bibi, wajomba wote mpaka yule aliyepotelea Kilwa. Akaishia hapo. Bi Somoe akauliza taratibu, "Na kwa baba, mwanangu Mfaume?" Mjomba akasema majina ameshapewa, yanatosha. Niliomba mama aseme kitu. Mama alikuwepo, nilisikia anapepeta mchele, na ungo haukusita hata kidogo. Bi Somoe akasema, "Haya. Mimi siongezi na sipunguzi. Ila mahali pake sipazibi, nakwambia mapema." Mjomba akamjibu afanye atakavyo, yeye si mwimbaji. Nadhani hakumwelewa. Mimi pia sikumwelewa, nikajifunika kanga nikalia kimya kimya mpaka kungwi wangu akanifinya.

Asubuhi tukatolewa. Tumepakwa mafuta mpaka tunateleza, kanga mpya zimetufunika vichwa, macho chini, mdomo umefungwa. Mwali siku hiyo hasemi wala hainui uso; akiinua, ni aibu ya mama yake na kungwi wake na ukoo mzima. Nikakalishwa kwenye mkeka. Sikuona kitu zaidi ya miguu ya watu na ule moto mdogo kando ya uwanja ambapo baba alikuwa amepashia ngozi. Nilimtambua kwa miguu yake. Mjomba alikuwa amemruhusu kuingia uwanjani kama mpigaji tu, si kama mtu. Gita la debe likaanza manyunyu yake, uwanja ukatulia, na Bi Somoe akaanza kuniimba. Jamani! Mtu akiitwa jina lake namna ile, kwa upole, mbele ya watu wote, mwili mzima unasisimka. Mwanahawa, ngoma ikaitika. Hadija, ngoma ikaitika, na nikasikia baba amepiga pale taratibu zaidi. Bibi Fatu, vigelegele. Wajomba mmoja mmoja. Halafu Bi Somoe akavuta pumzi kama mtu anayetaka kutaja jina, na hakutaja. Akaacha mahali patupu, upana wa jina moja. Gita likanyamaza. Na baba, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea kuitikia, akaitika, peke yake, hakuna aliyeitwa.

Wimbo ukazunguka, ukarudi pale pale, na pale pakaachwa tena. Safari hii kila mtu alisikia. Hata watoto waliokuwa wanagombania vipande vya nyama walinyamaza. Ngoma ya baba ikaitika tena, chini zaidi, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo anajua hafunguliwi. Niliona miguu ya Mjomba Mfaume inapokezana uzito. Wimbo ukazunguka mara nyingine na nikajua unakaribia kuisha, maana gita lilikuwa limeanza kushuka, na bila kupenda shingo yangu ikaanza kuinuka, nataka tu nimtazame baba. Bi Somoe akavuta pumzi yake. Na kutoka nyuma, upande wa masufuria, sauti ya mama yangu ikasema, "Ahmadi Mchopa." Hakupiga kelele. Alilitaja kama anavyotajwa mtu. Ngoma ikaitika, na ikaendelea kuitika, na Bi Somoe akalichukua jina lile akaliimba kwa raha zake, na wanawake wakapasua vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mama alikuwa mtu wa nyumba ile sawa na Mjomba, na jina lilikuwa limetolewa.

Miaka mingi nimekuwa nikisema kwamba Polepole walimfanya mama amsamehe baba, na nimewasifia hivyo kwa kila aliyenisikiliza. Baba na Bi Somoe wametangulia mbele ya haki. Mzee Chilumba yupo, macho yameisha, na debe lake amelibeba mjukuu, sijui kama analipiga au anatekea maji. Wimbo wangu sina, na sijaribu kuuimba hata bafuni. Mwaka huu nimemfanyia shughuli binti yangu Salma, hapa hapa Lindi mjini, na tumeweka spika kubwa kuliko kabati. Nisiwe mnafiki, nilicheza mpaka kandambili ikakatika. MC alisoma majina yetu yote kwenye simu, mbio mbio, na mengine akayakosea, na kabla jina halijafika chini muziki ulikuwa umeshalimeza. Nilimwomba apumzike kidogo kati ya jina na jina. Akanicheka, "Mama, tukinyamaza shughuli inapoa!"

Nikamshika mama mkono tukatoka nyuma, kwenye masufuria, ambako angalau mtu unasikia unachoambiwa. Sasa ni bibi, anatembea kwa kushikilia ukuta. Nikamuuliza kile ambacho sijawahi kumuuliza: siku ile ndiyo ulimsamehe baba? Akanitazama kama nimemwuliza upuuzi. "Ahmadi? Sijamsamehe mpaka leo, na Mungu ananisikia." Basi kwa nini ulimtaja? Mama akanitengeneza mtandio begani, ingawa ulikuwa umekaa vizuri. "Nilikuona shingo inainuka," akasema. "Nikaona watu watamwona mwanangu anaomba."