Tiki ya Mwisho

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta mjini Kisii, katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa la Mhindi, na majivuno yangu yalikuwa makubwa kuliko chumba. Shule moja ya wasichana ya Waadventista, upande wa Nyamira, ilinipa kazi ya kuwatengenezea fomu ya kuchagulia masomo ya kidato cha tatu, fomu inayofunguka kwenye kivinjari. Msichana angeweka tiki kwenye visanduku vya masomo anayoyataka, na orodha ingejiandika yenyewe pembeni. Niliijaribu, ikatii. Nikawawekea kwenye kompyuta yao, nikarudi mjini nikipiga mluzi.

Wiki iliyofuata, Ijumaa mchana, nilienda kuwachapia orodha. Mwalimu mkuu, mama mpole asiye na maneno mengi, alitaka kutia sahihi kabla jua halijazama, maana Sabato ikishaingia hashiki kalamu ya kazi. Nikapitisha macho. Wasichana arobaini, na hakuna hata mmoja aliyechagua fizikia.

Mwalimu mkuu hakushangaa. Alisema wasichana huiogopa, na kwa kuwa mwalimu wa fizikia alikuwa ameombwa na shule nyingine, basi angemwachilia aende. Karani wake akaitikia kwa kichwa. Lakini mmoja wa wale arobaini alikuwa dada yangu mdogo, aliyewahi kuifungua redio yetu kule Mosocho hadi skrubu ya mwisho, akaifunga tena na ikaimba. Kama huyo hakutaka fizikia, basi mimi ni askofu. Nikaomba saa moja.

Nilimwambia karani anionyeshe wasichana walivyojaza. Akabonyeza kile kitufe kirefu cha kibodi. Nikauliza kipanya kiko wapi. Kilikuwa kwenye droo, kimefungiwa kwa kufuli pamoja na chaki, kisije kikaibwa. Nami fomu yangu nilikuwa nimeijaribu kwa kipanya peke yake.

Nilipoyafungua maandishi ya fomu nilijionea aibu. Kwa kipanya, fomu ilingoja tiki ikae ndipo iiarifu orodha. Kwa kibodi, nilikuwa nimeiagiza iarifu mara kidole kinapogusa kitufe, kisanduku kikiwa bado kitupu. Orodha ilichungulia, ikaandika hali ya zamani, ikaenda zake. Tiki ya pili iliiandikisha ya kwanza, ya tatu ikaiandikisha ya pili, na ya mwisho haikuwa na wa kuiandikisha. Fizikia ndiyo iliyokuwa chini kabisa kwenye fomu. Na kwa vile kila msichana aliruhusiwa kuchagua mengi au machache, hakuna mwalimu aliyeona pengo. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. La kwangu lilikuwa likilia jambo lenyewe lingali njiani.

Kurekebisha kulinichukua dakika chache: nilisogeza amri ili orodha isiitwe mpaka tiki itulie. Kazi ilikuwa kuwarudia wasichana wote. Wakaitwa kutoka darasani, wakapanga foleni, wakajaza upya mmoja mmoja, nami nikiangalia dirishani jua linavyoteremka.

Dada yangu alikuja karibu na mwisho. Akabonyeza, na fizikia ikatokea kwenye orodha. Akabaki akiitazama.

“Wiki iliyopita haikutokea,” alisema. “Niliona.”

Mwalimu mkuu akamuuliza kwa nini hakusema.

“Nilidhani mmeshaamua, Madam.”

Mwalimu mkuu akamwita anayefuata. Foleni ilipokwisha nilichapa orodha mpya, naye akahesabu wa fizikia kwa ncha ya kalamu: kumi na saba. Akasema mwalimu wao haendi popote, kisha akatia sahihi, jua likiwa bado juu ya michai. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikamshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Wasichana walipita mbele yangu wakienda kujiandaa kwa Sabato, wakicheka. Niliwatazama hadi wakaisha. Kumi na sita wengine wa fizikia nao walikuwa wameona, na hakuna aliyefungua mdomo.