Mafuta ya Sungura

Juzi, nikipanga mafuta ya kujipaka kwenye duka langu hapa Ukunda, nilishika chupa yenye picha ya sungura, nikacheka peke yangu. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini kuhusu picha ile hakuna wa kunifunza.

Nilikuwa mdogo, mvua za Elnino zimetoka kuisha. Shangazi, aliyekuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja Diani, alirudi alasiri na chupa kama ile, zawadi ya mgeni. Ilinukia ndimu. Jirani yetu Mwanasiti aliigeuzageuza.

"Shoga, chupa ya mafuta ya nazi huchorwa nazi. Hii ina sungura. Basi ni mafuta ya sungura!"

"Tunaye wetu uani, amenona," shangazi akamtania.

Sungura huyo alikuwa wangu. Nilimbeba mbio, nikajificha naye uvunguni mwa kitanda, penye vumbi na harufu ya viatu vya zamani, moyo wake ukinipiga kifuani.

Shangazi akainama. "Toka, mwanangu, nilikuwa natania. Mgeni kanieleza. Huko kwao sungura hutiwa vipodozi machoni, wenye viwanda waone kama vitawaunguza watu. Picha hii yasema haya hayakujaribiwa kwa sungura."

"Yalijaribiwa kwa nani?"

"Hilo sikumuuliza."

Nikatoa mkono mmoja tu, wa pili umemkumbatia sungura. "Basi nipake mimi."

Akanipaka. Hayakuwasha. Tukatoka sote wawili, mimi na sungura.