Kumwosha Mama Mkwe

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza naijua tangu nizaliwe, na siipendi. Watu wa mbali wakisikia neno kahawa wanafikiria kikombe. Sisi wa Matiri, msimu wa kumenya ukifika, tunafikiria lile rundo jekundu nyuma ya jiko, lenye nzi, linalochuruzika maji hadi njiani. Lakini mwaka ule harufu hiyo ilinifaa. Nilikuwa nikitoka chumbani kwa mama mkwe nakwenda kusimama kando ya rundo, navuta pumzi ndefu, nikimaliza kutapika.

Mama mkwe alipanda kutoka Chiwanda, kule ziwani, kuja kulea uzazi wa binti yake. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji na daktari alimkataza kuinua hata ndoo ya maji. Mama mkwe akafika na kapu la usipa, wale dagaa wa ziwa letu, akanisalimu akiwa amenipa mgongo. Hakuwa amekasirika, ndiyo heshima yetu. Tangu nimwoe binti yake sikuwa nimemtazama usoni. Tukikutana njiani, mimi hupisha hadi kwenye majani. Nikiingia uani, yeye huvuta kitenge mpaka puani. Tukiwa na la kuambiana, tunaambiana kupitia mke wangu, au yeye ndani na mimi nje, ukuta katikati. Watumishi wanaohamishiwa huku kutoka mikoa mingine hutucheka. Wacheke tu. Mimi nilikuwa naiona ni heshima nzuri, isiyo na kazi nyingi.

Kitovu cha mtoto kilikuwa bado hakijadondoka mama mkwe alipoanguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda kando, maneno yakawa hayashikiki. Hospitalini Mbinga wakamlaza, wakamtazama, kisha wakatuambia tumrudishe nyumbani tukamtunze wenyewe. Aliyekuja kuuguza akawa ndiye wa kuuguzwa.

Mwanzoni wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa walikuja kumwogesha kwa zamu, na Mungu awabariki kwa hilo. Halafu kahawa ikaiva yote kwa mpigo, na kahawa ikiiva haina msiba wala mgonjwa. Mmoja hakutokea, kesho yake mwingine, mwisho akawa haji mtu. Mke wangu akajaribu peke yake kumgeuza mama yake, mshono ukatoa damu. Muuguzi wa zahanati alipokuja kutazama mshono akaomba amwone na bibi, akamfunua mgongo, kisha akanifuata nje.

"Baba, mama huyu ana kidonda kiunoni. Kinakula ndani. Asipogeuzwa na kuoshwa kila siku, hicho ndicho kitakachomuua, si kiharusi."

"Nani amwoshe?"

Akaitazama mikono yangu. Nikaichukia glovu aliyonipa kabla sijaivaa.

Nikampigia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyeko Chiwanda. Nikamwomba amlete mkewe angalau mpaka mshono wa dada yake ukauke. Akasema usipa wametoka kwa wingi, mkewe yuko kwenye vichanja vya kuanika kutwa nzima. Halafu kwenye simu ikaingia picha ya maua ya waridi yenye maneno "Mungu ni mwema kila wakati." Nilitamani kuitupa ile simu chooni. Sijui kama kuna kitu kinachonitia kinyaa zaidi ya mtu anayekutumia Mungu kwenye picha ili yeye asitume mkewe.

Kwa hiyo nikabaki mimi. Na mama mkwe akakataa.

Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu aliulizwa, na akajibu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimwelewa wakati ule. Akatoka chumbani analia. "Anasema heri afe na haya yake kuliko mkwe amwone alivyo." Nikamwambia amwambie kwamba mimi pia sitaki. Sijui kama alimwambia. Katekista akaja, akaeleza kupitia mlangoni kwamba mbele ya Mungu hakuna mkwe. Mama mkwe akageuza macho. Kidonda kikaendelea kula, na sasa harufu ilikuwa imefika sebuleni, ikaingia kwenye nguo za mtoto.

Siku iliyofuata akamwita mke wangu akamwambia neno moja: kuku.

Ilibidi mke wangu anieleze. Kwao, mkwe akiwa hana budi kuvuka haya, huleta kuku jike, mzima, mwenye afya, akamkabidhi mama mkwe mkononi. Kuku ndiye anayefungua. Nilikasirika sana. Mtu anaoza, anadai kuku! Nikamkamata tetea mmoja anayetaga, nikaingia chumbani kwa mara ya kwanza, nikiangalia dari, nikamsogeza kuku mpaka kwenye mkono wake mzima. Akamshika miguu. Kuku akanya kwenye shuka. Mama mkwe akavuta kitenge usoni, akageukia ukutani. Nikaelewa kwamba nimeruhusiwa.

Sitapamba. Nimelima, nimechinja, nimezibua choo, nimezika ndugu, lakini sijawahi kukutana na kitu kama kile kidonda. Shashi aliyoifunga muuguzi ilikuwa imegandamana na nyama. Nilipoilowesha kwa maji ya chumvi ikaachia, na kilichotoka nayo kilikuwa na rangi ya uji wa ulezi na harufu ya samaki aliyesahauliwa kapuni. Chini yake shuka lilikuwa na mkojo na mengine. Nikaosha nikiwa nimefumba jicho moja. Na katikati ya hayo yote, kutoka ukutani, nikasikia sauti iliyopinda ikisema: "Asante, Bwana."

Nilidhani ananishukuru mimi, nikanung'unika kwamba si kitu. Hakuwa ananisemesha mimi. "Asante, Bwana, kwa maji. Asante kwa mguu huu." Ni mguu upi? Ule uliokufa! Nikamfunga bandeji haraka haraka, nikatoka, nikafika kwenye rundo la maganda, nikatapika mpaka nyongo.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nachemsha maji, natia chumvi, nabisha hodi, yeye anageukia ukutani, mimi naosha, yeye anamshukuru Mungu, mimi natapika. Kutapika kwenyewe nilikuzoea. Shukrani zake ndizo zilizonishinda. Kila nikinyanyua kiungo alikishukuria, kama mtu anayehesabu mifugo yake jioni, na hali mifugo yenyewe ni mizoga. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, rozari naijua, lakini nilikuwa nasaga meno. Nilitaka angalau mara moja alie. Amlaumu Mungu. Amlaumu mwanaye wa Chiwanda. Aseme inauma, kwa sababu ilikuwa inauma, nyama yake ilikuwa inaruka chini ya vidole vyangu.

Kitu kimoja kilibadilika bila mimi kukitaka: nilianza kumwelewa anavyosema. Sikio lilizoea ile midomo iliyopinda, hadi ikawa mke wangu ananiuliza mimi, "Amesemaje?"

Jumuiya walikuja kusali kwetu zamu yetu ilipofika. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele, amina." Wakakaa uani kwenye mkeka, mbali na dirisha lake. Wakaimba kwa sauti zote nne, wakasoma Injili, mwenyekiti akatuhimiza tushukuru kwa kila jambo. Alikuwa akisema hivyo huku pua ameibana kwa ncha ya leso. Wakala mahindi yetu ya kuchemsha. Walipoaga, mmoja akasema walikuwa wamepata baraka nyingi. Nilikwenda kuosha vikombe vyao nikiwa navisugua kwa majivu utadhani vimeguswa na sumu. Mama mkwe, kutoka ndani, aliniita akaniuliza kwa nini sikuwafungia usipa waende nao.

Muuguzi aliporudi akafunua bandeji, akaniita niangalie. Pembeni mwa kidonda kulikuwa na nyama changa, ya waridi. "Kinafunga," akasema. Mimi niliona ni kibaya vilevile.

Jumapili ya mavuno mama mkwe akasema lazima aende kanisani. Si ombi, ni lazima. Tukambeba kwenye kiti, mimi na jirani, hadi kigangoni. Tulipomweka kwenye benchi la tatu, watu wa benchi la nne wakakumbuka kwamba wanapenda kukaa nyuma. Wenzetu wakatoa mahindi, maharage, kahawa, jogoo waliofungwa miguu. Halafu ikafika nafasi ya wenye shukrani za pekee. Mama mkwe akainua mkono wake mzima.

Mtoto alikuwa analia na mke wangu alikuwa ametoka nje kumnyonyesha. Padri akanitazama mimi. Nikasimama kando yake. Alikuwa amejifunika kitenge, uso ameuelekeza altareni, mbali nami. Akaanza kusema, na mimi nikaanza kurudia.

"Anasema anamshukuru Mungu kwa mjukuu."

"Anasema anamshukuru kwa kidonda kilichoanza kufunga."

Kisha akasema kitu nisichotaka kukitamka. Akakirudia. Nikamwinamia nikamnong'oneza, "Mama, hapana." Akakisema tena kwa nguvu, mate yakamtoka, kanisa zima likawa linatusubiri.

"Anasema anamshukuru Mungu kwa mkwe wake," nikasema. "Anasema kila asubuhi humsikia mkwe wake anatapika nyuma ya jiko."

Mtu akacheka kwenye benchi la vijana. Masikio yaliniwaka moto. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani pamoja na lile benchi.

"Anasema kila asubuhi anajiambia, kesho harudi. Na kesho yake anasikia hodi." Nikamwinamia tena nisikose neno. "Anasema wanaokuja kwa kupenda huchoka, yeye amewaona. Huyu hapendi hata kidogo. Basi anayemleta si yeye mwenyewe. Anasema, kwa hiyo Mungu yumo chumbani mle kila siku, tena anaingia na beseni."

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikaa. Sikuwa na hasira na mtu, jambo ambalo kwangu ni nadra, na sikujua niweke wapi mikono. Wakati wa komunyo nilikuwa bado nimetulia vile, nikawa naogopa kujitikisa.

Kesho yake nilichemsha maji kama kawaida. Nikabisha hodi, nikaweka beseni chini, nikasubiri ageukie ukutani ndipo nimkaribie. Hakugeuka. Alikuwa amelala kwa ubavu akinielekea, kitenge kiko mabegani, uso wazi. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani, na macho ya mke wangu.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa kuwa sikuwa na jingine.

"Marahaba, baba." Akanitazama nikilowesha shashi, nikibana pumzi, nikikunja uso. Nilipomgusa akashtuka.

"Yanachoma," akasema. "Yapoze kidogo."

Nikayapoza. Halafu akaanza kushukuru, na mimi nikaosha.