Nilikohoa Mapema

Harufu ya oili chafu inayoungua hunirudisha Kiwalani, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu. Baba alikuwa fundi wa kukaza vyuma kwa moto kiwandani. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa akapunguzwa kazi, akaja nyumbani na koleo zake na hasira zake, akawa anawakazia patasi maseremala wa Keko. Chuma kikishazamishwa kwenye oili huwa kigumu, lakini huvunjika upesi kama kioo. Lazima kipashwe tena polepole, kigeuke njano, kahawia, mpaka zambarau, ndipo kivumilie. Tatizo ni kwamba baba alikuwa na mtoto wa jicho, na rangi hizo hakuziona tena. Wateja hawakujua. Mimi, binti yake wa miaka tisa, nilikaa kando nikivukuta moto, na kila zambarau ilipofika nilikohoa ili ajue kukitoa motoni.

Siku moja akaja Mzee Hamisi, jirani yetu, mlinzi wa ghala. Alileta pini ya bunduki yake, kile kijichuma cha ndani ya komeo kinachogonga risasi. Ilikuwa imelika.

"Fundi, bosi kagoma kununua mpya. Nichongee kama hii."

Baba akaigeuzageuza mkononi. "Hii si patasi, Hamisi. Ikikatika, utakayekufa ni wewe."

Hata hivyo aliichonga, siku mbili nzima. Jioni ya kuipasha, wenzangu walikuwa wanaruka kamba nje na zamu yangu ilikaribia. Chuma kilikuwa bado njano. Nikakohoa, nikakimbia.

Mwezi haukuisha, wezi wakavamia ghala. Mzee Hamisi alifyatua, bunduki ikanyamaza. Wakamkata mkono kwa panga. Alipotoka hospitali alimletea baba vipande viwili vya ile pini, bila neno la lawama. Baba akapapasa pale ilipokatika, kisha akaniita.

"Siku ile ilikuwa zambarau, mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

Aliniamini. Akasema mkono wake wa ufundi umekwisha, akauza koleo, na kibanda kikawa cha kuku. Alikufa akiamini hivyo, nami nilimwacha aamini. Sijajisamehe, wala sioni kwa nini nijisamehe.

Siku hizi Keko imejaa patasi za kutoka nje zinazopinda upesi, na watu husema mafundi wa zamani walikuwa na mikono. Mtoto wa jicho sasa amenipata mimi, na binti yangu ndiye hunisomea maandishi kwenye paketi za dawa. Juzi nilimuuliza kama ana uhakika ni kidonge kimoja. "Ndiyo, mama," akajibu, vidole vyake vikiendelea kugonga simu. Nikameza.