Kadi ya Simu Niliyoitoa mu Sachet

Yaya yangu, yule aliyenitangulia kuzaliwa, anatengeneza sentrali za simu pale Mususa, Butembo, ile mitambo inayounganisha bureau na bureau. Kadi, lile bamba la saketi la ndani, ikipona, anaipima mbele yangu: anazima courant, anaichomeka, anawasha, anangoja taa ya kijani, kisha ananipa simu. Nikisikia mlio, anarusha ngumi juu kama amefunga goli.

Siku ile mlio ulikuwa safi. Kadi ilikuwa ya maternité moja ya Mulekera, kule Beni. Bila hiyo, chumba cha kuzalisha hakiwezi kuita nyumba ya daktari. Mimi nilikuwa ninaenda Beni na mutoto, basi yaya akaitia mu sachet, kifuko cha kung'aa.

"Leki, mudogo wangu, usikatoe mule."

"Juu ya nini?"

"Usikatoe tu. Maswali mingi, utazani uko polisi!"

Usikatoe tu. Nimemaliza secondaire, nimezaa, na bado mutu anaona siwezi kuelewa sentensi ya pili.

Barabara ilikuwa mashimo matupu, na ile sachet nyembamba kama ganda la kitunguu. Moto, ile pikipiki tuliyopanda, iliposimama, nikatoa kadi, nikaizungushia blanketi ya mutoto, ile ya manyoya ya nailoni inayotoa cheche ukiivuta gizani, nikaibana kifuani. Nilijiona mwenye akili. Tulipokaribia Beni nikairudisha mu sachet.

Maternité wakazima, wakachomeka, wakawasha. Taa haikuwaka. Infirmière mkubwa, yule kiongozi wa wauguzi, akampigia yaya, nami nikasikia yote.

"Niliipima, Mama! Ililia!"

"Ililia kwako. Huku iko kimya. Tutatafuta fundi mwingine."

Akanigeukia: "Mulianguka njiani?"

"Hapana," nikasema. Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilinifaa.

Miezi ikapita. Siku moja nikamuuliza yaya ule waya anaoufunga mkononi akishika kadi ni wa nini.

"Nguo ya nailoni inabeba umeme. Wewe hauusikie, lakini kadi inausikia, inakufa. Waya unautoa. Ile sachet nayo inauzuia."

Dakika moja! Ilimchukua dakika moja kunieleza. Nilitaka kumrushia koleo. Lakini akaendelea, polepole: "Ile ya Beni, nazani nilipima mubaya. Macho yangu inaanza kuchoka."

Nikasema mutoto analia. Mutoto alikuwa amelala.

Tangu hapo hagusi tena sentrali ya hospitali yoyote. Anabadilisha vioo vya simu za mkononi, kazi ambayo kila kijana wa Butembo anaijua. Wiki hii mutu wa hospitali nyingine alikuja na kadi tatu, akambembeleza. Nilikuwa nimekaa palepale, ninanyonyesha.

"Mupeleke kwa mwingine, baba," yaya akamwambia. "Mimi sijue tena kupima."

Nilifungua mdomo. Nikauliza kama kuna maji ya kunywa.