Kicheko Mwanzoni mwa Kaseti

"Mama mkubwa, pale mwanzo unacheka nini?"

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza hivyo dada yake mama yangu, na nilimuuliza kwa kupiga kelele kwa sababu redio ya jirani ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Wimbo ulikuwa "Sema Mapema", ule wa zamani ambao mtaani kwetu hata watoto wanaujua. Kabla mdundo haujaanza, sauti ya mwanamume inasema taratibu, "Nina ngoma." Mwanamke anacheka, kicheko cha kutoka tumboni kabisa, halafu anauliza, "Ya ngapi hiyo?" Hapo ndipo mdundo unaporomoka.

Tulikuwa tunauigiza. Mmoja anasema, mwingine anacheka, wa tatu anapiga ndoo. Mimi ndiye niliyekuwa mchekaji, maana kicheko kile kilikuwa cha nyumbani kwetu. Kila mtu alijua ni cha mama mkubwa.

Siku hiyo alikuwa anakunja nguo. Alisema tu, "Nenda kamwambie jirani apunguze redio, mwambie kichwa kinaniuma." Nilikwenda. Niliporudi, nguo zote alizokuwa amezikunja alikuwa amezikunjua, na anaanza upya.

Neno lenyewe, ngoma, lina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Kwa watu wa muziki ngoma ni wimbo, basi. Lakini miaka ile wimbo ulipotoka, mtaani watu walikuwa wameanza kuuita ukimwi kwa jina hilo hilo, kwa kuogopa kuutaja wenyewe. Fulani ana ngoma. Wanasema hivyo, wanatazama pembeni, wanabadilisha mada. Msikilizaji anayeujua mlango wa nyuma anaupenda mwanzo wa wimbo ule kwa sababu anaona ni ujanja wa mtunzi. Na mimi niliona hivyo mpaka nilipofika miaka kumi na minne.

Haya mengine nimeyakusanya vipande vipande, kwa mama yangu, kwa Fundi Waya aliyerekodi wimbo, na kwa mama mkubwa mwenyewe. Aliniruhusu niandike. "Andika," alisema, "ila usinifanye malaika. Malaika hawana madeko kama yangu."

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, akifanya kazi kwenye kibanda cha kurekodi kaseti karibu na stendi ya mabasi. Chumba kimoja chembamba, dirisha hakuna, na ukutani deki sita kwenye rafu. Mteja anakuja na orodha ya nyimbo kwenye kipande cha karatasi, anaiacha, anarudi kesho. Mama mkubwa anaweka kaseti ya asili kwenye deki ya juu, kaseti tupu kwenye zile tano za chini, na wakati zinazunguka anaandika majina ya nyimbo kwa kalamu ya bluu. Kabla ya kumkabidhi mtu kaseti yake, anavaa hedifoni na kusikiliza mwanzo. Mwanzo tu, sekunde kumi. Mwanzo ukishika na mwisho umeshika, ndivyo tajiri wake alivyomfundisha.

"Nilikuwa daktari wa sekunde kumi," aliniambia. "Wimbo mzima uliza wengine."

Mwanamume wa mwanzoni mwa wimbo, Msumari, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na saa zilizobaki alikuwa anaimba muziki wa kufokafoka. Ulikuwa muziki mgeni. Mama anasema watu wazima walikuwa wakiusikia wanauliza, "Huyu kijana anagombana na nani?" Msumari alikuwa na daftari limejaa nyimbo na hakuna hata mmoja uliorekodiwa. Kila alipomaliza kutunga alikuwa anakuja kibandani, anasimama mlangoni anaziba mwanga wote, anasema, "Nina ngoma."

"Ya ngapi hiyo?" mama mkubwa anauliza.

"Ya thelathini na tisa."

"Na ile ya thelathini na nane imezikwa wapi?"

Huo ndio ulikuwa utani wao. Ndani ya utani huo ndimo walimochumbiana, maana Msumari hakuwa mtu wa maneno matamu nje ya daftari.

Halafu wakaja watu wa afya. Walitaka wimbo wa vijana, uwaambie wapime damu, watumie kondomu, waambiane ukweli kabla ya kulala pamoja. Walimchagua Msumari. Sharti lao lilikuwa moja, tena la heshima: anayewaambia wenzake wakapime naye akapime kwanza, asiimbe kitu asichokijua. Akaenda. Majibu aliyapata siku tatu kabla ya kurekodi.

Mama mkubwa alijua kwamba ameenda. Alipomuuliza majibu, Msumari alisema, "Nitakwambia." Mama mkubwa akaona ni sawa tu. Mtu ana wimbo wake wa kwanza kichwani, utamsumbua na karatasi?

Studio ilikuwa chumba nyuma ya karakana ya samani. Ukutani walikuwa wamebandika trei za mayai, mlangoni wametundika blanketi. Tatizo lilikuwa msumeno wa umeme. Ukiwaka, hakuna kurekodi. Wote watatu wanakaa kimya wanausikiliza, na ukizimika tu Fundi Waya anabonyeza kitufe haraka bila kumwambia mtu, kwa sababu haijulikani utawaka tena saa ngapi. Hivyo ndivyo mkanda ulivyokuwa unazunguka wakati wenyewe wanadhani bado wanasubiri.

Mama mkubwa alikuwa amekuja kuimba kiitikio. Msumari alimwinamia. Akasema, taratibu, "Nina ngoma."

Mama mkubwa akacheka. Angefanya nini? Alikuwa ameyasikia maneno hayo mlangoni pake kila wiki kwa mwaka mzima. Akauliza alichozoea kuuliza.

Fundi Waya sasa ana mvi na kitambi, na akisimulia hapa anavua kofia. "Nilijua ni utani wao," anasema. "Niliposikiliza baadaye nikasema, aa, mwanzo wa wimbo huu hapa, tumepewa bure. Nikamuuliza Msumari, tuache? Hakunijibu mimi. Alimtazama dada. Dada akasema, acha bwana, pazuri hapo."

Acha bwana, pazuri hapo. Mama mkubwa amenirudishia sentensi hiyo mara nyingi, kama mtu anayeonyesha kovu. Msumari alikuwa amesema. Akachekewa, na kicheko hicho akakielewa alivyotaka kukielewa: mwanamke huyu anajua, haogopi, na yuko tayari dunia nzima isikie. Mwezi uliofuata akapeleka posa.

"Andika na hili," mama mkubwa aliniambia, akinitazama machoni mpaka nikaona haya. "Siku ile ya studio mimi na yeye tulikuwa hatujalala pamoja. Hata mara moja."

Nilielewa. Siku ile damu yake ilikuwa bado salama.

Watu wa afya waliusikiliza wimbo wakapiga makofi. Mkubwa wao alisema neno lenye maana mbili namna ile ni kipaji, mtu hafundishwi. Mama anasema Msumari alikuwa amesimama karibu na mlango, anatazama viatu vyake.

Kaseti zilinakiliwa kibandani kwa mama mkubwa. Maboksi kwa maboksi, za kugawa shuleni, viwandani, kwenye magereji. Kwa kila kaseti alivaa hedifoni na kusikiliza mwanzo. Nina ngoma. Kicheko. Ya ngapi hiyo? Sawa, imeshika, lete nyingine. Nimejaribu kupiga hesabu ni mara ngapi mume wake alimwambia masikioni, nikaacha.

Redio ikaupokea. Makondakta wakawa wanaulizana "ya ngapi hiyo?" na walimu wakawachapa wanafunzi kwa ajili hiyo. Ndani ya nyumba yao, kitu kingine kilikuwa kinaanza. Msumari alikuwa anavaa mashati mawili mchana wa jua kali. Alikuwa anakohoa, watu wakasema moshi wa kuchomelea huo. Mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, mama mkubwa akamtania kwamba sasa jina limekaa sawasawa. Na siku moja wakila, alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Wewe huogopi?"

"Niogope nini?"

"Basi. Una moyo wewe."

Mama mkubwa alidhani anasifiwa kwa kuolewa na mwanamuziki.

Aliyempasulia jipu alikuwa muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuja kibandani asubuhi kuchukua boksi la zahanati yake. Mama mkubwa akampa hedifoni ahakikishe mwenyewe. Muuguzi akasikiliza zile sekunde kumi. Hakutabasamu, na watu wote walikuwa wanatabasamu hapo.

"Huyu anayecheka ni nani?"

"Ni mimi, shikamoo, sikukusalimia."

"Marahaba. Na baada ya kucheka, binti, ulimjibuje?"

"Si nimemjibu hapo? Ya ngapi."

"Nasikia. Nauliza baada ya hapo." Muuguzi akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole. "Mimi kazi yangu ni kuwasikiliza watu wakisema maneno hayo, mwanangu. Huyu haimbi."

Akabeba boksi lake akaondoka.

Mama mkubwa akarudisha mkanda nyuma. Akasikiliza. Akarudisha tena. Wateja walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja anagonga rafu kwa funguo, "Dada, tunakufa na jua huku." Anasema kwa mara ya kwanza alisikia kitu kilichokuwa katikati ya maneno ya Msumari na kicheko chake: pumzi. Msumari alikuwa amevuta pumzi, kama mtu anayetaka kuendelea. Kicheko ndicho kilichomkatiza.

Alikiacha kibanda wazi, deki zinazunguka, akaenda mpaka kwenye karakana ya mageti. Msumari aliinua kinyago cha kuchomelea.

"Kuna nini?"

"Niambie ya ngapi."

Msumari hakuelewa, halafu akaelewa. Mama mkubwa anasema rangi ilimtoka mpaka midomoni.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia lini?"

"Studio. Mbele ya Waya. Ukacheka. Nikajua umekubali."

"Nilikubali nini, Msumari? Nilikubali nini?"

Mafundi wenzake walizima mashine mmoja mmoja ili wasikie vizuri.

Mama mkubwa akaenda kupima; siku hizo majibu ya damu yalikuwa yanachukua wiki mbili. Kwenye foleni ya zahanati kijana mmoja aliitambua sauti yake alipotaja jina dirishani. "Si wewe dada wa ya ngapi hiyo? Hebu cheka kidogo tusikie!" Foleni nzima ikageuka. Wakamsihi. Ukutani, juu ya vichwa vyao, kulikuwa na bango la wimbo wake mwenyewe. Hakucheka, wakamwona ana maringo.

Baada ya wiki mbili aliambiwa anayo.

Msumari alifariki kabla ya mwaka kwisha. Mama mkubwa ndiye aliyemuuguza. Wimbo haukufa naye, ndio kwanza ulikuwa unapendwa, na siku ya msiba redio ya dukani iliupiga mara mbili kabla mtu hajakimbia kwenda kuizima. Dawa zilikuja miaka kadhaa baadaye. Zilimkuta amebaki mifupa na ukali, mama anasema, na mifupa ingekwenda kama ukali usingekuwepo. Zile alizokuwa ananiambia ni vidonge vya presha, anazimeza saa mbili kamili, ndizo hizo.

Nilipoyajua haya nilimchukia Msumari, mtu ambaye sijawahi kumwona. Mama yangu anamchukia mpaka leo. "Kusema mara moja, tena kwa fumbo, tena mbele ya mtu wa mitambo, huko ni kusema?" anauliza. Mama mkubwa anamjibu, "Alisema. Wangapi hawakusema kabisa?" Wanabishana hivyo, mmoja anaosha vyombo mwingine anafuta, na hakuna anayemshinda mwenzake. Mimi nimesimama upande wa mama, lakini sijawahi kulitamka hilo mbele ya dada yake.

Mwezi uliopita klabu ya afya ya shule yetu ilitaka kuupiga wimbo ule kwenye mkutano wa asubuhi. Kibanda sasa ni cha mama mkubwa mwenyewe, kinauza makava ya simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, lakini deki moja ameibakiza. Tulikaa wawili, mchana, tukaihamisha kaseti kwenye kompyuta. Kwenye kioo sauti inaonekana kama milima. Mlima mdogo, maneno yake. Uwanda mfupi, ile pumzi. Halafu mlima mkubwa.

"Mama mkubwa, nikate mwanzo?" niliuliza. "Uanze na mdundo tu. Hakuna atakayejua."

"Usiguse."

"Watacheka. Wanafunzi wote watacheka pale."

"Najua watacheka. Halafu utasimama uwaambie alichokuwa anasema. Ukikata, utawaambia nini?"

Nikaondoa mkono. Akarudisha kaseti mwanzo, tukausikiliza wote wawili mpaka kiitikio, sauti yake ya miaka ishirini na mitatu ikiwaambia watu waseme mapema. Hakuzima. Ndipo nikamuuliza tena, safari hii kwa sauti ndogo, kile nilichomuuliza nikiwa na miaka saba. Alisubiri mpaka mkanda ukaisha na deki ikajizima yenyewe.

"Nilifurahi, mwanangu. Nilidhani ana wimbo mwingine."