Neno la Baba na Sweta ya Mama

Asubuhi za Elburgon zilinuka mbao mbichi. Hata kabla sijafumbua macho, harufu ya msonobari uliopasuliwa ilikuwa imeshapenya chini ya mlango pamoja na baridi, na misumeno ilikuwa imeanza kulia kule kiwandani. Baba alifanya kazi huko. Jioni alirudi na maranda kwenye nyusi, na mara nyingi na neno jipya la Kiingereza mdomoni. Alilolipenda kupita yote lilikuwa "acquaint", yaani kumjulisha mtu na kitu. Alilitoa kwa meneja wao, aliyekuwa akiwakusanya kila mashine mpya ilipofika na kusema anataka kuwa-acquaint nayo. Baba akalileta nyumbani na kulitumia bila huruma. "Wanjiru, wacha niku-acquaint na hii jembe," aliniambia, jembe lenyewe nikiwa nimelilimia tangu nikiwa darasa la nne. Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Mama alifariki nikiwa darasa la saba. Ugonjwa wake sitausimulia. Alituachia Meri, ng'ombe wetu mmoja, na sweta ya kijani aliyoivaa wakati wa kukamua, iliyobaki ikining'inia kwenye msumari wa zizi. Meri hakumjua mtu mwingine. Baada ya mazishi alimpiga Baba teke, akampiga na jirani aliyekuja kusaidia, na maziwa akayakatalia huko juu. Jirani huyo, mama mtu mzima aliyefuga miaka mingi, ndiye aliyesema, "Mvalisheni mtoto nguo ya marehemu." Nikaivaa, mikono nimeikunja mara mbili. Meri akanusa bega langu, akapumua, akaachilia maziwa. Kwetu jambo hilo linajulikana: nguo ya kukamulia haifuliwi, kwa sababu ng'ombe huisoma kwa pua. Ile sweta ilinuka moshi, maziwa, mafuta ya kukamulia, na Mama. Kila alfajiri nilikuwa nakamua, ndiyo, lakini kwa kweli nilikuwa nakwenda kumwona.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa zimeanza, Baba alimleta Naomi, mke wake mpya. Alitoka Kamere, kule ziwani Naivasha, alikokuwa akifunga maua kwenye shamba kubwa. Baba alitukalisha sebuleni, akasimama wima kama anasoma matangazo ya kanisa. "Wanjiru, I wish to acquaint you with Naomi." Kisha akakaa na kupangusa jasho, kazi imeisha. Maskini Baba, alidhani neno zuri likishasemwa, watu wameshazoeana. Naomi akaniambia, "Sasa?" Nikamjibu "Poa" huku nikiviangalia viatu vyake. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo liliniudhi zaidi. Mwaka ujao ningekwenda shule ya bweni, na Baba alishaamua kwamba Naomi ndiye atakayemkamua Meri. Maana yake, sweta ingekuwa yake. Nilijua siku atakayoivaa, harufu ya Mama itaanza kuondoka, na sikuwa na mahali pengine pa kuipata.

Jumamosi moja nilitoka kusagisha mahindi nikaikuta sweta kwenye kamba ya nguo, inachuruzika maji. Kule Naomi alikotoka, mtu haingii kufunga maua akiwa na nguo chafu. Kwake kitu kinachonuka kilikuwa kazi inayosubiri sabuni. Alinijia akitabasamu, mikono yake imejaa povu. "Nimekufulia. Ilikuwa imechafuka, pole." Niliizika pua kwenye sweta. Sabuni tupu. Nikakaa kwenye nyasi na kulia kama siku ya mazishi. Baba alipomweleza kwa nini haifuliwi, Naomi alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Woi! Haki ya Mungu sikujua." Akakaa kando yangu kwenye matope, na sketi yake nzuri, akalia pia.

Jioni Meri alikuwa amejaa, analia kwa maumivu. Niliivaa sweta ikiwa mbichi hivyo hivyo. Alininusa, akaipiga ndoo teke ikaenda hadi ukutani. Hapo nikakumbuka kwamba Mama alikuwa akivumisha wimbo wa kanisa, midomo imefumbwa, kila alipokamua. Nikaenda kichwani kwa Meri, nikamshika shingo, nikauvumisha kwa sauti iliyokatikakatika. Masikio yake yakageuka. Lakini ningewezaje kumtuliza kichwani na kumkamua wakati huo huo?

"Auntie," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwita kitu chochote. "Kuja ukamue."

"Mimi? Si atanipiga?"

"Kuja tu polepole. Vaa hii."

Niliivua sweta mwenyewe nikampa, nikarudi kichwani kwa Meri na wimbo. Matone ya kwanza yalimwagikia sketi, halafu ndoo ikaanza kulia vizuri. Baba alikuwa langoni. Nilimwona akifungua mdomo, nikajua neno gani linakuja. Akalimeza, akaenda kututelekea chai.

Leo misumeno mingi ya Elburgon imenyamaza. Maziwa watu wanayakinga kwenye mashine dukani, na hakuna anayehitaji kujulikana na ng'ombe. Baba ametutoka. Ofisini kwangu Nakuru, wafanyakazi wapya wanakuwa "acquainted" na kazi kwa nusu saa ya picha ukutani, nami huinamisha kichwa nisionekane nikicheka, maana namwona mzee na jembe lake. Juzi Mum alinipigia simu. Ndiyo, Naomi, sina jina lingine la kumwita. Vidole vyake vimeanza kukataa baridi, na mjukuu wa Meri hataki mgeni, akaniomba nije nikamue. Nilipofika alinipeleka zizini, akaitoa kwenye msumari ile sweta ya kijani, viwiko vimezibwa kwa nyuzi za rangi nyingine. Niliizika pua kama zamani. Moshi, maziwa, mafuta ya kukamulia, na yeye.

"Tangu siku ile," akasema, "sijawahi kuifua tena."